Dawes hakufuta deni la Ujerumani

Makala nzuri, ila mwandishi hapo uliposema Mpango wa Dawes wa 1924, ule wa malipo ya fidia za Vita Kuu ya Kwanza, "ulifuta deni la Ujerumani" umetuchanganya. Hakuna kilichofutwa. Jumla ya fidia za vita haikuguswa. Charles Dawes, Mmarekani, na kamati yake walipanga malipo tu: marki bilioni 1 mwaka wa kwanza, hadi bilioni 2.5 mwaka wa tano. Reli na baadhi ya kodi za Ujerumani zikawekwa rehani, kisha ukaja mkopo wa marki za dhahabu milioni 800, sehemu kubwa kutoka Marekani.

Sasa fuatilia hizo pesa. Mabenki ya New York yanaikopesha Berlin, Berlin inawalipa Wafaransa na Waingereza, nao wanazirudisha Washington kulipia madeni yao ya vita! Wall Street, soko la hisa la New York, ilipoanguka 1929, mchezo ukaanza kusambaratika.

Haki yake Dawes tumpe lakini. Wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji waliondoka Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani walilokuwa wamelikalia, 1925, na Nobel ya Amani ya mwaka huo Dawes aligawana na Austen Chamberlain, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza.

Halafu mmeruka kisa kitamu. Machi 1925, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, Dawes alikwenda zake hoteli ya Willard kupumzika. Huku nyuma Seneti ikapiga kura sare kuhusu Charles Warren, aliyependekezwa kuwa Mwanasheria Mkuu. Makamu wa Rais ndiye huamua kura za Seneti zikiwa sare, hivyo kura ya Dawes ingetosha kumpitisha. Akaja mbio, akakuta seneta mmoja keshabadili kura. Warren akakosa kazi!