Ukuta wa Mtu, Picha ya Mtaa: Stensili za Melbourne na Suala la Kibali

Mwezi Aprili mwaka 2010, wasafishaji waliotumwa na halmashauri ya jiji la Melbourne, Australia, waliingia katika kichochoro cha Hosier Lane kupaka rangi kuta zilizochafuka, na katika kazi hiyo wakamfuta panya aliyechorwa ukutani akining'inia kwenye parachuti. Panya huyo alikuwa wa Banksy, msanii wa Uingereza anayeficha sura yake, na alikuwa amekaa hapo kwa miaka kadhaa. Wasafishaji hawakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mchoro ule ulipaswa kuachwa. Halmashauri iliona aibu, ikasema itaharakisha kuipa vibali michoro mingine mashuhuri iliyopigwa bila ruhusa, ili isipatwe na hali hiyo hiyo.

Kibali kinachotolewa baada ya kosa kutendeka kinafichua ugumu wa jambo zima. Ikiwa kupuliza rangi kwenye ukuta wa mtu bila ruhusa ni uharibifu, umaarufu wa aliyepuliza hauwezi kuufuta uharibifu huo. Na ikiwa unaweza, basi kijana asiye na jina anaadhibiwa kwa kukosa jina, wala si kwa kuharibu mali.

Stensili, yaani picha inayopulizwa rangi kupitia karatasi au plastiki iliyokatwa maumbo, ina tabia zake zinazoufanya ubishi huu kuwa mkali kuliko ulivyo kwa michoro mikubwa ya rangi inayoagizwa na wenye majengo. Msanii hukata maumbo nyumbani kwa wembe, kwenye karatasi ngumu au plastiki, na anaweza kuitumia siku nzima katika kukata tu; akifika mtaani huibandika ukutani, hupuliza rangi ya kopo, huibandua na kwenda zake kabla doria haijapita. Msanii wa Ufaransa Blek le Rat, aliyeanza kusambaza panya wake weusi mjini Paris mwaka 1981, alionyesha kwamba picha ileile ingeweza kutokea katika mitaa mingi kwa usiku mmoja. Kasi hiyo ndiyo nguvu ya sanaa yenyewe, na ndiyo pia inayomnyima mwenye ukuta nafasi yoyote ya kukubali au kukataa.

Malalamiko ya mwenye ukuta yanastahili kusikilizwa kuliko wapenzi wa sanaa wanavyopenda kukiri. Mwenye duka dogo anayekuta mlango wake umepulizwa rangi ndiye anayenunua rangi nyingine, ndiye anayemlipa mpakaji, na wiki inayofuata huenda akaanza upya. Kumwambia kwamba amepewa zawadi ni kumdharau, kwa maana zawadi huweza kukataliwa. Jimbo la Victoria, ambalo Melbourne ndiyo mji wake mkuu, lilimtetea mtu wa namna hii kwa sheria ya mwaka 2007, inayomweka mchoraji katika hatari ya kifungo cha hadi miaka 2 na kukataza kuwauzia makopo ya rangi ya kupuliza watoto walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi: ukikutwa na kopo la rangi ya kupuliza katika eneo la usafiri wa umma, ni juu yako kueleza kwa nini unalo. Hapo naona ilipitiliza. Kulinda ukuta ni jambo moja, na kumtaka fundi wa magari anayerudi nyumbani kwa treni athibitishe kwamba hana nia mbaya ni jambo jingine.

Wanaotetea ukali huo hutegemea pia hoja kwamba uchafu mdogo huita uchafu mkubwa. Hoja hiyo ina ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya katika kichochoro cha kuegesha baiskeli, ambako kila baiskeli ilifungwa kikaratasi cha matangazo kwenye usukani. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walikitupa chini au kukihamishia kwenye baiskeli ya mwingine. Ulipochorwa, wakafika asilimia 69. Tofauti hiyo si ndogo. Ila watafiti walichagua kwa makusudi michoro ya hovyo ambayo hakuna angeidhania sanaa, na palikuwa na bango linalokataza kuchora. Kilichopimwa ni athari ya kuona katazo likivunjwa, na kutoka hapo huwezi kuruka moja kwa moja hadi kwenye stensili iliyokatwa kwa ustadi, ambayo watu huvuka barabara kwenda kuitazama.

Tena, ukuta safi wa jiji ni nadra kuliko unavyosimuliwa. Anayepita Dar es Salaam anasoma namba za simu za waganga, "Nyumba hii haiuzwi", "Usikojoe hapa", na alama nyekundu ya X inayomtangazia mwenye nyumba kwamba barabara inakuja. Mabango ya kampuni nayo yamelipiwa, lakini mpita njia hakuombwa ridhaa. Hoja hii hupendwa sana na wasanii, na ina uzito, ingawa haimsaidii yule mwenye duka: dhuluma ya bango haimpi mtu wa tatu haki juu ya mlango wake.

Mambo hugeuka pale mchoro unapopata bei. Mwezi Februari mwaka 2013, stensili ya Banksy ya mtoto akishona bendera za Uingereza iling'olewa pamoja na kipande cha ukuta wa duka huko Wood Green, London, na baadaye ikaonekana kwenye orodha ya mnada mjini Miami. Wakazi waliandamana na diwani wao akapaza sauti, ikaondolewa mnadani, kisha ikauzwa London katikati ya mwaka huohuo. Kwa kanuni ileile ya mali inayompa mwenye ukuta haki ya kufuta, ana haki ya kuuza. Anayeikubali kanuni hiyo dhidi ya mchoraji wa usiku hana budi kuikubali dhidi ya wakazi pia, hata kama roho inauma.

Kanuni ya kibali, hata hivyo, ina shimo ambalo mfano wa Nairobi unalionyesha vizuri. Mwaka 2012, mpigapicha Boniface Mwangi, aliyekuwa ameshuhudia na kupiga picha machafuko ya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, alishirikiana na wachoraji kuwaonyesha wanasiasa kama tai wala mizoga kwenye kuta za katikati ya jiji, karibu na City Market, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mwingine. Kazi kama hiyo ikisubiri idhini ya wale inaowasema haitachorwa kamwe. Ukuta wa umma, unaotunzwa kwa kodi ya wananchi, hauwezi kulinganishwa na mlango wa muuza duka, na sheria nyingi za miji huvitia vyote viwili katika kapu moja.

Kwa hiyo ningetofautisha. Mwenye mali binafsi afute atakavyo, na akitaka fidia aidai kwa njia ya madai, si kwa jela. Kwenye kuta za umma, halmashauri ifute matusi na chuki haraka, na mengine iyaache mitaa iyamalize yenyewe. Kinga ya pekee kwa majina makubwa haina mafanikio ya kujivunia. Katika kichochoro kingine cha Melbourne, mzamiaji aliyechorwa na Banksy alifunikwa kwa plastiki angavu ili asiguswe. Desemba 2008 mtu akamimina rangi ya fedha nyuma ya kinga hiyo na kumwangamiza. Februari 2020 watu waliofunika nyuso waliingia Hosier Lane na vizima-moto vilivyojazwa rangi, wakaifunika michoro kuanzia chini hadi juu. Wachoraji walirudi na kupaka upya, bila mtu yeyote kusema kwamba kuna kibali kilichopotea.