Tramu ya Zamani Lazima Itembee

Juzi kwenye sherehe ya ubatizo hapa Lewiston, Maine, shemeji yangu mmoja aliposikia kuna watu wanakarabati tramu, yaani gari la abiria la umeme linalotembea kwenye reli, iliyoundwa 1912, alisema wanapoteza hela. Waipake rangi, waizungushie kamba, watu wapige picha, yaishe. Nilinyamaza kwa heshima ya wazee waliokuwepo. Hapa sinyamazi.

Tramu yenyewe ni Narcissus, kazi ya Laconia Car Company ya New Hampshire. Kuanzia 1914 hadi 1933 reli yake ya umeme ilisafirisha watu kati ya Lewiston na Portland, njia ambayo leo wengi wasio na gari hubembeleza lifti. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliipanda 1914. Reli ilipofungwa, bodi yake ikageuzwa nyumba ya kuishi. Sasa iko Seashore Trolley Museum, Kennebunkport, makumbusho yaliyoanza 1939 pale wapenzi wa reli walipotoa dola 150 kuiokoa tramu moja ya Biddeford isiende kuwa skrepa.

Shemeji, rangi inaficha. Mwendo haufichi kitu. Boriti ya chini ikiwa imeoza, bodi italegea abiria wakishapanda, kwa hiyo seremala hana budi kuitoa, achonge nyingine kwa kipimo kilekile, na aelewe kwa nini mwenzake wa 1912 aliweka kiungo pale na si kwingine. Mota iliyoungua lazima isukwe upya, waya kwa waya. Breki za upepo zishike. Dereva naye ajifunze kuongeza umeme hatua kwa hatua, maana akiharakisha anaunguza mota. Ujuzi huu wote unaishi mikononi mwa watu, na wengi wao ni wazee. Tramu ikisimama nyuma ya kamba, nani atakuwa na sababu ya kuurithi?

Nakubali, mbao zikibadilishwa nyingi mno, mtu ana haki ya kuuliza cha zamani kimebaki nini. Na hela zinakwenda, hilo sibishi. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wanaojitolea.

Na sisi tuna maseremala waliojifunzia kazi Bukavu na Bujumbura, wanaochonga kiungo bila msumari, na hapa wanapanga maboksi kwenye maghala. Kaka zangu, Kennebunkport si mbali. Nendeni mkajitambulishe. Mwenye gari awachukue wenzake.