Clandon Park: gofu liachwe gofu?

Kila ikitajwa Clandon Park, lile jumba la kale la England lililoungua, lazima atokee mtu aseme National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kihistoria kule, walilipwa bima halafu nyumba wameiacha gofu. Hoja yao nitaifikia, si ya kupuuza, ila upande wa pili, wa kuiacha gofu, hausikilizwi kabisa, watu wanauona kama uvivu au ubahili tu, wakati mimi nikiuangalia vizuri naona huko ndiko kichwa kilikofanya kazi zaidi.

Kwa ambaye hakufuatilia: nyumba iko Surrey, nje kidogo ya London, imeorodheshwa daraja la kwanza, yaani ulinzi wa juu kabisa ambao jengo linaweza kupewa kule England. Aliichora Giacomo Leoni, Mvenisi, miaka ya 1720, kwa ajili ya Thomas Onslow, na hela ilitoka sana kwa mkewe Elizabeth Knight aliyerithi mali ya Jamaica, tusizunguke, mali ya Jamaica enzi zile ni miwa na watumwa. Mwaka 1956 ikakabidhiwa National Trust. Tarehe 29 Aprili 2015 ikaungua: hitilafu kwenye boksi la kugawia umeme huko chini, moto ukapanda na shimo la lifti mpaka paani, halafu paa na sakafu vyote vikashuka. Kuta zikabaki zimesimama, ndani hamna kitu. Chumba kimoja tu ndio kilitoka karibu kizima, Speakers' Parlour, kile cha picha za maspika watatu wa bunge waliotoka ukoo wa Onslow.

2016 wakatangaza wataijenga upya, 2022 wakageuka. Mpango mpya ni kuitunza kama ilivyoachwa na moto, kuiwekea paa na ngazi na njia za kutembea juu kwa juu, basi.

Sasa wanaotaka irudishwe. Silaha yao kubwa ni Uppark, nyumba nyingine ya National Trust huko Sussex iliyoungua Agosti 1989, mafundi walikuwa wanachomelea madini ya risasi yaliyoezekwa paani, na kufika 1995 ikafunguliwa tena imerudi vilevile mpaka unashangaa. Na kuna kitu kizuri kilitokea pale, ule ufundi wa kufinyanga mapambo ya plasta ya chokaa kwa mkono ulikuwa karibu unapotea, kazi ya Uppark ikaufufua. Kwa hiyo wanauliza, kama iliwezekana pale kwa nini ishindikane hapa, tena bima ipo, picha zipo, vipande vimeokotwa kwenye kifusi. Wengine wanaongeza Notre-Dame ya Paris, imeungua 2019 na 2024 milango imefunguliwa. Na jambo lingine ambalo ni la haki kabisa: waliahidiwa. Mtu akikuahidi halafu miaka sita baadaye anakuja na lugha nyingine, una haki ya kununa.

Ila Uppark si Clandon. Kule moto ulianzia juu, watu wakapata muda wa kutoa vitu, samani na picha nyingi zikatoka, hata vipande vya karatasi za ukutani vikaokolewa, kwa hiyo walichojenga upya ni ganda la vitu ambavyo vipo. Clandon vitu viliokolewa ndio, lakini vingi sana viliteketea. Chini ya nyumba kulikuwa na makumbusho ya jeshi la Surrey, yenye mpira ambao askari waliupiga wakivuka kwenda kwa Wajerumani tarehe 1 Julai 1916 kule Somme, Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Umeungua. Niambie huo utaufufua na fundi gani. Na Notre-Dame ni kanisa, watu wanaenda kusali, lina kazi ya kufanya kesho asubuhi. Clandon kazi yake ilikuwa kutazamwa.

Halafu kuna hili ambalo mimi limenikaa kichwani kuliko yote. Wanasema irudishwe ya karne ya 18, sawa, ipi? Maana mwishoni mwa miaka ya 1960 National Trust walimleta John Fowler, mpambaji maarufu wa wakati ule, akapitia vyumba akavipaka na kuvipamba upya kwa jinsi yeye alivyoona inafaa. Alikuwa anajua kazi, sibishi, lakini rangi ambazo wageni walikuwa wanaziona 2014 na kusema aah, hivi ndivyo walivyoishi wakubwa wa enzi za mfalme George, kwa sehemu zilikuwa macho ya mtu wa London wa 1968. Kwa hiyo ukijenga upya unachagua moja kati ya mawili: ama unaiga nyumba ya Leoni ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona, unajaza mapengo kwa kukisia, ama unaiga kile kilichokuwepo usiku wa kuamkia moto, yaani nakala ya kazi ya Fowler juu ya kazi ya Leoni. Vyovyote itakavyokuwa, unaingia chumba cha miaka ya 2020 kilichovaa nguo za 1720. Na Marble Hall, ule ukumbi mweupe wenye dari ya plasta ambapo wale watu waliofinyangwa miguu yao ilikuwa inaning'inia nje ya ukingo kama wamekaa darini wanakuchungulia, uzuri wake wote ulikuwa mkono wa fundi fulani siku fulani na chokaa mbichi. Fundi wa leo anaweza kufanya vizuri sana tu, lakini itakuwa yake.

Kinyume chake moto umetoa kitu ambacho miaka karibu 300 hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukiona. Matofali yako wazi toka chini mpaka juu, unaona njia za moshi zinavyopanda ndani ya ukuta, vipande vya mbao walivyozika kwenye matofali ili wapate pa kupigilia misumari, fito zilizoshika plasta. Yaani jumba la kitajiri kumbe nyuma ya urembo ni fito na chokaa kama nyumba nyingine yoyote, na mikono iliyoifanya si ya Onslow. Nyumba za kifahari zilizokamilika England ziko nyingi, tiketi tu. Iliyo wazi mpaka mifupa ya ndani, na bado ina ulinzi wa daraja la kwanza, ni chache.

Halafu ile ahadi ya 2016 watu wanaikumbuka vibaya. Hawakuahidi nyumba nzima. Walisema vyumba vikuu vya chini ndio vitarudishwa, ghorofa za juu ziwe kumbi za kisasa za maonyesho. Kwa hiyo hata wakati ule ungepanda ngazi ukakuta kuta nyeupe na taa za spoti, na sikumbuki kelele zilikuwa kubwa hivi.

Ninachowadai National Trust ni kimoja, waseme wazi kwamba hela ni sehemu ya uamuzi, maana maneno ya falsafa matupu ndio yanawafanya watu wahisi kuna kitu kinafichwa. Na ukuta wa ndani ukinyeshewa na mvua ya Surrey hauna maisha marefu, kwa hiyo hilo paa lenyewe lisichelewe.

Mimi ningependa kusimama mlangoni pa Speakers' Parlour. Dari juu ya kichwa, plasta ipo, halafu unageuka nyuma unaona matofali yaliyoungua yanapanda mpaka ghorofa ya mwisho. Vyumba vya jirani vikijengwa vipya na kupakwa rangi ileile, mgeni atapita hapo akisoma simu, hatajua kwamba ametoka kwenye chumba cha jana akaingia cha 1720.