The Exorcist: kabla ya padri kuna madaktari 88

Ikitajwa The Exorcist, ile sinema ya 1973 iliyoongozwa na William Friedkin, watu wanakumbuka vitu vilevile, kichwa kinazunguka, matapishi ya kijani, kitanda kinaruka. Na kwa vile wanakumbuka hivyo tu, ubishi wenyewe umebaki wa aina mbili. Kuna vijana wanasema hamna kitu pale, wameiangalia wakacheka, na kuna wanaosema ni muvi ya hatari kwa sababu inafundisha watu kwamba mtoto akianza kuongea ovyo na kutupa viungo basi achana na hospitali, mwite padri. Hao wa kwanza sina ugomvi nao, mtu aliyekulia kwenye efekti za kompyuta hawezi kushtushwa na shingo ya mdoli, ni sawa. Hao wa pili ndio nataka tuongee, hoja yao ina uzito kweli, ila naona wameikariri nusu ya mwisho wakaisahau ya kwanza.

Angalia muda. Padri Merrin, yule mzee wa kofia na begi aliyesimama chini ya taa kwenye bango, anashuka kwenye teksi sinema ikiwa imeshakula karibu saa moja na nusu, na yote ina saa mbili na dakika mbili tu. Sasa huo muda wote walikuwa wanafanya nini? Kuna kipande cha Iraq mwanzoni, kuna mambo ya padri mwingine kijana, Karras, na mama yake, lakini sehemu kubwa ya hofu iko hospitali.

Regan, yule mtoto anayepagawa, ana miaka 12. Daktari wa kwanza anasema ni mishipa ya fahamu, anaandika dawa. Hali inazidi, sasa wanahisi kuna tatizo kwenye ubongo, ile sehemu ya pembeni iliyo sambamba na sikio, aina ya kifafa, na mama akiuliza mbona kitanda kinaruka anajibiwa ni misuli ya mtoto inakaza, wakati yeye mwenyewe alipanda juu ya hicho kitanda akakisikia. Halafu ndio inakuja ile sehemu ya picha ya mishipa ya kichwa. Mtoto kalazwa mezani kafungwa asitikisike, anaambiwa kwa sauti ya upole kabisa kwamba atahisi kitu cha baridi, sindano inazama shingoni, damu inaruka, kisha mashine inaanza kugonga kwa kishindo huku mama kasimama pembeni hana la kufanya. Hakuna pepo hapo, hakuna muziki, kila mtu anafanya kazi yake vizuri tena kwa nia njema. Mi naona hicho ndio kipande cha kutisha kuliko vyote na hakijazeeka hata siku moja, kwa sababu mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali na faili mkononi anakijua bila kuelezwa. Majibu yakija, picha ni safi, hakuna kilichoonekana.

Na hapa kuna namba inanisumbua kila nikiifikiria. Chris, mama mtu, akiwa mbele ya jopo la mabingwa anafoka kwamba madaktari 88 wameshindwa kumwambia mwanawe ana nini. Themanini na wanane. Hata ukisema ni hasira, kaongeza chumvi, toa nusu, bado ni watu arobaini na kitu waliovaa makoti meupe wakaangalia mtoto mmoja. Chris ni nyota wa sinema, pesa anazo, nyumba Georgetown, wafanyakazi, na wala hana dini. Mwandishi William Peter Blatty (riwaya yake ya 1971, skripti kaandika mwenyewe na ikampa Oscar) angeweza kumpa mama mshamba mwenye rozari shingoni anayekimbilia kanisani siku ya pili, lakini hakufanya hivyo. Halafu upande wa pili kamweka mama yake Karras, bibi maskini aliyeishia wadi ya vichaa ya serikali kwa sababu mwanawe padri hana hela ya kumweka pazuri. Mmoja kapata madaktari 88, mwingine kapata kitanda kwenye wadi inayopiga kelele, na wote wawili hawakusaidika.

Tena wanaolitaja suala la kutoa pepo kwa mara ya kwanza ni madaktari wenyewe! Wanasema kama mgonjwa anaamini kapagawa basi ibada inaweza kumtuliza kwa nguvu ya imani hiyohiyo. Chris anawashangaa, yaani mnaniambia nimpeleke mwanangu kwa mganga? Anaenda kwa Karras, ambaye ni padri Mjesuiti na pia daktari wa akili, na yeye anakataa, anamwambia kwa mambo hayo amrudishe mtoto karne ya 16. Akikubali kumwona Regan anamnyunyizia maji ya bomba huku akidai ni ya baraka, pepo linapiga mayowe kama limeunguzwa, na Karras anaandika hilo kama ushahidi kwamba hakuna pepo. Sasa niambie ni sinema gani ya mapepo inayompa mwenye mashaka nafasi kubwa namna hiyo.

Haya, upande wa pili. Anneliese Michel, binti wa Bavaria, Ujerumani, alianza kupata degedege akiwa na miaka 16, akatibiwa kifafa cha sehemu ileile ya ubongo waliyoitaja madaktari wa Regan. Kuanzia 1975 mapadri wawili walimfanyia ibada ya kutoa pepo mara 67 kwa ruhusa ya askofu, na Julai 1976 akafa kwa njaa na kukosa maji akiwa na miaka 23. Mwaka 1978 wazazi wake na mapadri wale walitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. The Exorcist ilikuwa imeshafika kwenye kumbi za Ujerumani tangu 1974. Siwezi kusema sinema ndiyo iliyomuua, familia ilikuwa ya kidini sana kabla ya hapo, ila siwezi pia kumlaumu anayeunganisha hizo tarehe.

Na kwetu hili si jambo la mbali. Dk. Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Kinorwe aliyeanzisha matibabu ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa kuangukia jikoni na watu kuogopa kuwashika, na dawa iliyowapa wengi nafuu ilikuwa vidonge vya bei rahisi tu. Kwa watu wa namna hiyo sinema inayomalizia kwa kusema naam, lilikuwa pepo kweli, si burudani tupu. Hapo nakubali kabisa, Friedkin mwishoni hakuacha mlango wa mashaka wazi, mtoto anaelea hewani mbele ya mapadri wawili, utabishaje.

Lakini ibada yenyewe si inashindwa? Hilo watu wanalisahau sijui kwa nini. Merrin anakufa kwa moyo katikati ya sala. Karras anaacha kitabu, anampiga mtoto ngumi, anamwita pepo aingie kwake, anajirusha dirishani mpaka chini ya ngazi ndefu za nje ya nyumba. Kilichofanya kazi hakimo kwenye kitabu cha ibada wala cha udaktari. Na Chris anafungasha anaondoka na binti yake bila kubatizwa na mtu. Sinema za Exorcist zilizofuata baadae zilichukua mapepo zikaacha hayo mengine, ya pili ya 1977 ikachekwa, na ile ya 2023 ikaleta watoto wawili na viongozi wa dini mbalimbali chumba kimoja na bado haikuogopesha mtu.

Ukitaka kuirudia kuna toleo refu la 2000, lina dakika kama kumi za ziada. Limerudisha kipande kingine cha daktari mwanzoni, nimelipenda kwa hilo, ila pia limebandika sura za shetani zinazomulika ukutani kila kona, na hizo bora wangeziacha.