Hiyo Si "Katuni Tu"

Juma lililopita mzazi mwenzangu aliniambia kwamba mwanawe wa miaka minane hutazama anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, yoyote aitakayo, kwa kuwa "hizo ni katuni tu". Neno hilo "tu" limenichoma, kwa sababu nami niliwahi kulitamka, na aliyelipia kosa langu ni binti yangu.

Alikuwa na miaka saba tulipoanza kutazama Puella Magi Madoka Magica, iliyotoka mwaka 2011. Niliona rangi laini, wasichana wenye macho makubwa na kinyama cheupe kinachozungumza. Baada ya sehemu ya kwanza niliridhika, nikaenda kuendelea na kazi zangu. Katika sehemu ya tatu, msichana mpole kuliko wote anauawa na jitu. Binti yangu alinifuata akitetemeka na kuniuliza, "Mama, kwani hata watoto wazuri hufa?"

Tangu hapo nimeshikilia kwamba mchoro hauwezi kumwambia mzazi kazi imekusudiwa nani. Tarehe 16 Aprili 1988, Studio Ghibli ilitoa filamu mbili zilizoonyeshwa pamoja katika majumba ya sinema ya Japani. Moja ni Tonari no Totoro, ambayo hata mtoto mdogo anaweza kuitazama kwa furaha. Ya pili ni Hotaru no Haka, inayomfuata kaka na mdogo wake wa kike wakidhoofika kwa njaa wakati wa vita hadi kufa. Studio ni ile ile na ustadi ni ule ule, lakini mzazi aliyechagua kwa kuangalia picha za matangazo peke yake hangejua anampeleka mwanawe wapi. Anime ya Made in Abyss nayo ina wahusika wakuu watoto, wenye nyuso za mviringo za kupendeza, ilhali mateso ya mwili yaliyomo humo ni mazito hata kwangu mimi mtu mzima.

Wengine hutegemea neno "shonen", wakidhani ni kibali cha umri. Neno hilo hutaja kundi la wasomaji ambao jarida la manga (hadithi za picha za Kijapani) huwalenga, yaani wavulana, na halisemi lolote kuhusu kilichomo: Death Note, hadithi ya kijana anayeua watu kwa kuandika majina yao daftarini, ilichapishwa katika jarida lile lile la One Piece, hadithi ya vituko vya maharamia. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba alama za umri zina msaada wake. Hata hivyo, filamu ya Demon Slayer ya mwaka 2020 ilipewa PG12 (walio chini ya miaka 12 waongozwe na mzazi) nchini Japani na R (walio chini ya miaka 17 waandamane na mtu mzima) nchini Marekani, na mtoto wako hajulikani na bodi yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo mimi hutazama kwanza nikiwa peke yangu: sehemu tatu za mwanzo, moja ya katikati na ya mwisho wa msimu. Huchunguza iwapo maumivu yana uzito au ni pambo, na jinsi miili ya wasichana inavyochorwa, jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza.

Alipotimiza miaka 13, binti yangu aliomba tuitazame tena ile ya kwanza. Sehemu ya tatu ilipokaribia mwisho aliushika mkono wangu bila kunitazama, na safari hii sikuinuka.