Majibu ya tezi dume yasije peke yake

Watu wanaonipenda wameamua kwamba mimi ni mzoefu. Nikisema nimechukuliwa vinyama vya tezi dume na nasubiri majibu, mtu hunipa pole, na kabla pole haijapoa anaongeza, "Lakini kaka, wewe si umeshazoea?" Anamaanisha saratani ya damu ninayoishi nayo, ile ya limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, ambayo huitwa sugu kwa kuwa huenda polepole, hukaa na mtu miaka mingi, na mara nyingi hutulizwa kwa vidonge bila kumalizwa kabisa. Sigombani naye. Ila kuzoea ugonjwa mmoja hakumfundishi mtu kusubiri wa pili. Mimi kumenifundisha kuuliza tu. "Ninayo au sinayo?" ni swali la haki, kila anayesubiri hulala nalo na kuamka nalo, lakini kwa mtu mwenye kadi mbili za kliniki kuna swali zito zaidi: majibu haya yatabadilisha nini kwenye ugonjwa nilio nao tayari, na ugonjwa nilio nao unabadilisha nini kwenye majibu haya?

Nilifika kwenye sindano ya kuchukua vinyama kwa njia ya kawaida. PSA ilipanda, ikarudiwa, ikapanda tena. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume iwe na saratani au isiwe nayo, na kiwango chake katika damu hupandishwa pia na tezi kukua kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, kuwekewa mpira wa mkojo, hata kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kutolewa damu. Richard Ablin, mwanasayansi wa Marekani aliyeieleza antijeni ya tezi dume mwaka 1970, aliandika gazetini mwaka 2010 akilalamika kwamba kipimo hiki, kinavyotumika kuwapima wanaume wote, hakizidi sana kurusha sarafu. Naona aliukaza mno ulimi, na tangu hapo mambo yamesogea: siku hizi, pale inapopatikana, MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, hutangulia sindano. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwachunguza wanaume 576 ukaona kwamba MRI ikitangulia, takribani robo yao wangeweza kuepuka kuchomwa. Mimi sikubahatika kuwa wa robo hiyo. Picha yangu ilionyesha doa la alama ya 4 kwenye kipimo kinachoanzia 1 kuishia 5, na alama hiyo maana yake ni kwamba saratani ya kushughulikiwa inashukiwa hasa.

Kwa mwanamume mwingine hadithi ingeendelea hivyo hivyo moja kwa moja hadi maabara. Kwangu ilibidi isimame kidogo, na anayepaswa kuisimamisha, nimegundua, ni mgonjwa mwenyewe.

Chukua mitoki, vile vifundo vya kinga mwilini. Saratani yangu ya damu huvimbisha mitoki popote ilipo, shingoni, kwapani na ndani ya nyonga pia. Mtaalamu anayesoma MRI ya nyonga akiona mitoki mikubwa karibu na tezi dume yenye doa, atafikiria jambo moja: imeshasambaa. Asipoambiwa kwamba mitoki hiyo ina mwenyewe mwingine, mtu anaweza kuingizwa kwenye kundi la wagonjwa wa hatua ya mwisho kwa makosa ya fomu. Kinyume chake pia kinawezekana, kwamba kila kitu kinasukumiwa saratani ya damu na tezi dume inapona shutuma. Tena chembe za saratani ya damu zinaweza kujipenyeza ndani ya tezi dume yenyewe. Daktari wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa hadubini, akizikuta bila kudokezwa lolote anaweza kuzidhania dalili za maambukizi ya kawaida.

Halafu kuna vidonge. Mimi hutumia ibrutinib, ambayo pamoja na kazi yake nzuri huzifanya chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisishikane vyema, hivyo damu ikianza kuvuja huchelewa kukoma. Maelekezo ya dawa hii yanashauri kupima faida na hasara za kuisimamisha kwa angalau siku 3 hadi 7 kabla na baada ya upasuaji, kulingana na ukubwa wa upasuaji na hatari ya kutoka damu. Na kuna kinga. Ugonjwa wangu hushusha kingamwili, na sindano ya tezi dume inayopitia njia ya haja kubwa inaweza kubeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu. Ile inayopitia kwenye msamba, yaani ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, hupunguza sana hatari hiyo. Karatasi ya maelekezo niliyopewa iliuliza kama natumia aspirini. Haikuuliza kama nina saratani nyingine. Niliuliza mimi, nikapiga simu kliniki ya damu mimi, nikaomba msamba mimi. Sisemi hivi ili nipongezwe. Nasema kwa sababu kuna mwenye hali kama yangu ambaye hajui kwamba kuna la kuuliza, na yeye ndiye ninayemwandikia.

Kuchomwa kwenyewe sina mengi ya kusema. Ganzi, mlio kama wa stepla, aibu kidogo, kwisha. Damu kwenye mkojo hukoma mapema. Kwenye shahawa inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, na hilo aambiwe mke pia, maana mshtuko wake nao ni mshtuko.

Baada ya hapo ni ukimya. Katika saratani ya damu nimelelewa na majibu ya haraka: unatoa damu asubuhi, hesabu zinatoka, unarudi nyumbani na tarakimu mkononi. Vinyama ni habari nyingine. Kwa kawaida huchukuliwa kama 12 kutoka pande zote za tezi, na vingine kutoka kwenye doa lenyewe. Huhifadhiwa kwenye formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, hutiwa rangi, kisha mtu anaketi na hadubini kutazama kimoja kimoja. Pakiwa na shaka, anaagiza rangi maalumu za kuonyesha kama safu ya chembe za chini inayozunguka vijitezi bado ipo, kwa sababu saratani huipoteza safu hiyo. Rangi hizo huongeza siku. Ndiyo maana sikubali kuusoma ukimya. Simu kuchelewa si habari mbaya wala njema. Ni maabara tu. Hata hivyo naona kliniki zina deni hapa: mgonjwa aambiwe tangu siku ya sindano majibu yanatarajiwa lini, nani atapiga simu, na kama hakuna simu yeye ampigie nani. Wanaosema subira yavuta heri wamwambie pia mtu anasubiri hadi lini.

Majibu yenyewe, kama ni saratani, yatakuja na tarakimu za Gleason. Donald Gleason, daktari wa patholojia wa Marekani, alianzisha mfumo huu miaka ya 1960 kwa kutazama chembe zimejipanga vipi. Mpangilio ulioenea zaidi na ule unaofuata hupewa namba, kisha namba mbili hujumlishwa. Katika sindano za siku hizi jumla ya chini kabisa kwa kawaida ni 6, yaani 3 na 3, na ya juu ni 10. Saba ina sura mbili: 3 jumlisha 4 ni pole kuliko 4 jumlisha 3, ingawa hesabu ya shuleni haioni tofauti. Kwa sababu ya mkanganyiko huo sasa kuna makundi ya 1 hadi 5 yanayoandikwa pembeni, na mgonjwa ana haki ya kuuliza lake ni lipi.

Sasa nifike kwenye ninaloliamini. Utafiti wa ProtecT, wa Uingereza pia, uliwagawa kwa kura wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume ambayo haijatoka nje ya tezi: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu. Matokeo baada ya wastani wa miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45, chini ya 3 kwa kila 100, na tofauti kati ya makundi matatu ilikuwa ndogo. Waliokufa kwa sababu yoyote ile walikuwa 356. Itazame namba hiyo ya pili. Hata kwa watu waliochaguliwa wakiwa na afya ya kutosha kuingia kwenye utafiti, yaliyowaondoa kwa sehemu kubwa yalikuwa mambo mengine. Mimi jambo langu jingine nalijua kwa jina. Kwa hiyo nikiambiwa 6, sitaki kuonewa huruma wala kuharakishwa. Aliyelala usimwamshe. PSA kila baada ya muda, MRI inapohitajika, tuendelee na maisha.

Lakini hoja hiyo ina mtego, na nimeuona ukiwanasa watu wenye nia njema. Wanasema: kama una saratani ya damu, ya nini kuhangaika na tezi dume? Zamani kidogo huenda wangekuwa na haki. Ibrutinib ilipewa kibali Marekani kwa ugonjwa wangu mwaka 2014, na baada yake zimefuata nyingine, na wengi waliokuwa wakihesabiwa miaka michache sasa wanaishi muda mrefu. Ugonjwa wa kwanza umetulia kiasi kwamba wa pili umepata nafasi ya kuwa tatizo. Wasiwasi huu nilio nao ni wa mtu anayetarajiwa kuwepo. Daktari akitaka kuiacha tezi dume yangu kwa sababu ya damu yangu, namwomba kwanza amuulize daktari wa damu anatarajia niishi miaka mingapi, asitumie makadirio ya kitabu alichosoma chuoni.

Na ikiwa ni 8 au zaidi, hapo ndipo kliniki mbili zikikaa mbalimbali zitaniumiza. Upasuaji unamaanisha kusimamisha vidonge. Mionzi ikipanuliwa hadi kwenye mitoki ya nyonga hugusa mifupa yenye uboho, na uboho wangu tayari una wapangaji wasiolipa kodi. Tiba ya kushusha homoni za kiume huchosha na kudhoofisha mifupa. Enzalutamide, inayotumika saratani ya tezi dume inapokuwa imesambaa au kukaidi, huliharakisha ini kuvunja ibrutinib hadi kiwango chake kishuke mwilini, yaani unatibu huku unafungua mlango kule. Hakuna kati ya haya lisilo na njia ya kulizunguka, lakini kulizunguka kunahitaji watu wawili wenye koti jeupe waongee kabla mmoja wao hajaniandikia dawa.

Kwa hiyo nimetoa ombi, na nadhani kila mwenye hali kama yangu alitoe: majibu yakitoka, yasomwe na wote wawili kabla sijapigiwa simu. Siogopi kuyasikia. Ninachoogopa ni kuyasikia nusu. Kusikia "una saratani" kutoka kwa mtu asiyejua mitoki yangu ilivimba lini ni habari pungufu, na habari pungufu huzaa maamuzi ya pupa, hasa kwa sisi ambao tumeshapitia mlango huo na tunadhaniwa hatutetemeki tena.

Kuna jambo la watoto pia, sijalimaliza. Saratani ya tezi dume ina mkondo wa kurithi katika baadhi ya familia, na kasoro ya jeni ya BRCA2 huunganisha tezi dume, matiti, ovari na kongosho. Saratani yangu ya damu nayo huonekana zaidi katika familia fulani. Wanangu wa kiume ni watu wazima. Wanajua kuhusu damu, hawajui kuhusu sindano. Mke wangu anataka tuwaambie sasa, mimi nasema tusubiri namba, maana wataniuliza maswali ambayo leo jibu lake ni moja tu: sijui. Huenda yeye ndiye mwenye haki. Mara nyingi huwa ndiye.

Daktari wa damu amekubali kukaa kwenye mazungumzo hayo. Wa mkojo amesema ni wazo zuri na anatafuta nafasi kwenye ratiba. Nimemwambia katibu wake kwamba nitapiga simu kila Jumatatu hadi ipatikane, naye ameandika jina langu kwa kalamu nyekundu. Iwapo ni kwa heshima au kwa kuchoka, sikumuuliza.