Jembe la Kibuye ama la hardware?

Wakulima wa upande wa Ahero na Nyando hawajawahi maliza huu ubishi: kuna wanaoapa jembe la fundi wa Kibuye, lile soko la Kisumu, halina mpinzani, na kuna wanaosema hiyo ni skrapu tu, afadhali uongeze pesa ununue la dukani. Mi naona wote wako na ukweli, shida ni kila mtu anaongea kuhusu sehemu tofauti ya jembe.

Tuanze na chuma yenyewe. Fundi mzuri anakata springi ya lori, na springi si takataka. Ile chuma iko na kaboni karibu asilimia 0.6, wakati chuma laini ya kutengeneza mageti iko na kama 0.2 hivi ama chini. Inaonekana ni kitu kidogo lakini ndio inafanya chuma ikubali kukazwa kwa moto, ile laini hata uichome ukaizamishe kwa maji mara ngapi haitashika makali. Kwa hivyo wa "skrapu tu" hapo wameteleza.

Lakini chuma nzuri kwa moto mbaya ni hasara. Springi inataka ichomwe mpaka zaidi ya digrii 800, izamishwe kwa oil (ukitumia maji inaweza kupasuka), halafu irudishwe kwa moto mdogo mpaka irangike samawati, kama digrii 300 hivi, ndio isiwe ngumu ya kuvunjika kama glasi. Kiwandani hiyo joto inapimwa, fundi anapima kwa macho, na jua likiwaka saa saba chuma nyekundu inaonekana nyeusi, kwa hivyo anazidisha moto bila kujua. Wengine hiyo hatua ya kurudisha wanairuka kabisa juu mteja amesimama hapo anaharakisha.

Halafu kuna weldingi. Pete ya kushika mpini inachomelewa kwa springi, na chuma yenye kaboni mingi ikichomelewa baridi hivyo, bila kupashwa moto kwanza, ule mstari ulio kando ya weldingi unapoa haraka unakuwa mgumu sana na hapo ndio jembe linakatikia. Majembe mengi ya kiwandani tundu la mpini limefuliwa pamoja na jembe lenyewe, hakuna kiungo. Hii pointi watetezi wa Kibuye huwa wanaikwepa.

Wanakimbilia historia, ati huku tumefua chuma tangu zamani. Ni kweli, Wasamia wa Busia walikuwa wanachimba mawe ya chuma kwa vilima vyao, wanayeyusha kwa tanuri ya udongo na makaa na mivukuto, na majembe yao yalifika hadi kwa mahari. Kusema wanayeyusha si sawa sana, tanuri kama hizo zinafika digrii 1,200 hivi na chuma inayeyuka 1,538, kwa hivyo uchafu ndio ulikuwa unamwagika, chuma inabaki bonge lenye matundu la kupigwa nyundo. Kaboni kwa hilo bonge haikuwa sawa kila mahali, mhunzi alikuwa lazima aijue chuma yake kwa mkono. Reli ikafika Kisumu 1901, majembe ya Ulaya yakaingia, na zile tanuri zikazimika. Fundi wa leo anaanza na springi ambayo kiwanda kilishachanganya zamani, hiyo ni kazi ingine kabisa, na historia ya Samia haimsaidii kupoza weldingi polepole.

Kama unanunua kwa fundi mwambie aguse jembe na grainda kabla ya rangi. Cheche zikitoka fupi na kupasuka matawi matawi hiyo iko na kaboni, zikienda ndefu zimenyooka umeuziwa chuma ya geti. Kwa ile udongo nyeusi ya Nyando ikikauka, mi ningechukua la dukani lenye tundu la kufuliwa, bora lisiwe lile jembamba linapinda. Panga ni hadithi ingine, halina weldingi, na hapo springi ya Kibuye sioni kitu cha dukani kwa bei hiyo kitaishinda.